Nani Ataulizwa Juu ya Maji ya Athi?

Miongoni mwa maswali ambayo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wameyashughulikia tangu zamani, limo moja ambalo watu wa zama zetu huliachia wanasheria na makarani wa serikali, ilhali mizizi yake imo katika dhamiri ya kila mwanadamu: mamlaka yanapogawanywa katika madaraja mengi, kutoka kijijini hadi kaunti, kutoka kaunti hadi taifa, na kutoka taifa hadi jumuiya ya mataifa, je, dhima nayo hugawanyika kwa kadiri ile ile, hata kila mwenye daraja akabakiwa na kipande kidogo tu cha lawama, au dhima ni kitu kizima, ambacho kila aliyeshika ncha ya mamlaka hukibeba chote? Nasema tangu mwanzo kwamba naamini hilo la pili, na kwamba sijapata mahali panapolidhihirisha vizuri zaidi kuliko Kathonzweni, katika kaunti ya Makueni, ambako madaraja yote hayo yamekutana juu ya jambo moja, nalo ni maji.

Kwamba kugawa mamlaka ni jambo jema, hilo halina ubishi mkubwa. Yethro, kuhani wa Midiani, alipomkuta mkwewe Musa ameketi tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya umma mzima peke yake, alimwambia kwamba atajichosha yeye na watu wake, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, na wa mamia, na wa hamsini, na wa makumi. Mwaka 1931 Papa Pius XI aliandika katika waraka wake kwamba ni dhuluma kwa jumuiya kubwa kuipokonya jumuiya ndogo kazi ambayo hii ndogo yaweza kuitenda yenyewe. Fikra hiyo ikaingia katika mkataba wa Maastricht wa 1992 ulioanzisha Umoja wa Ulaya, ambako leo mkulima mmoja hutawaliwa kwa wakati mmoja na manispaa yake, na jimbo lake, na taifa lake, na Brussels. Kisha ikasafiri hadi Arusha, ambako tarehe 30 Novemba 1999 marais wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na katika kifungu chake cha 7 wakaiweka pamoja na agizo kwamba watu wa kila daraja washirikishwe. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo ikaigawa nchi katika kaunti 47, ikatamka kwamba serikali ya taifa na zile za kaunti ni mbalimbali lakini zinategemeana, na kwamba zitaendesha mambo yao kwa kushauriana na kusaidiana.

Wakamba, wenyeji wa Makueni, hawakuhitaji kungoja Roma wala Maastricht ili kuyajua haya. Walikuwa na utui wao, yaani kijiji, na mbai yao, yaani ukoo, na baraza la wazee waliloliita nzama, na walijua kwa uchungu nini hutokea daraja la juu linapomeza yale ya chini. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ikidai kwamba mifugo ndiyo inayoiharibu ardhi, ilianza kuwanyang'anya watu ng'ombe wao kwa nguvu na kuwauza kwa bei duni, na kiwanda cha nyama cha Liebig kule Athi River kikawa miongoni mwa wanunuzi. Wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakaenda Nairobi, wakapiga kambi Kariokor wiki kadhaa, wakasema hawaondoki mpaka wasikizwe na Gavana mwenyewe. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu, katika mwambao uliohesabiwa kuwa ni milki ya Sultani wa Unguja lakini ukitawaliwa na Mwingereza, jambo ambalo lazima lilimfunza mengi juu ya namna mamlaka yanavyoweza kuwa na mwenye jina mmoja na mwenye mkono mwingine. Hata hivyo serikali ililegeza amri yake. Ardhi ilikuwa inaharibika kweli, na wale maofisa hawakuwa wajinga wa elimu ya udongo. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba mwenye elimu ya jambo ana haki ya kuliamua bila ya mwenye kulibeba.

Kosa hilo Makueni ya leo imejitahidi kuliepuka, na nadhani inastahili kusifiwa bila ya kuzungushazungusha maneno. Tangu 2013, chini ya Profesa Kivutha Kibwana, mwanasheria aliyekuwa gavana wake wa kwanza hadi 2022, kaunti hiyo ilijijengea utaratibu wa mashauriano ambao wageni kutoka kaunti nyingine na nchi nyingine wamekuja kuutazama: watu hukutana kwanza kijijini, kisha katika kundi la vijiji, kisha katika wadi ndogo, kisha wadi, kisha kaunti ndogo, hata kufika kaunti nzima, na katika madaraja hayo huchagua kamati za maendeleo za watu 11, ambao huzipokea haja za wenzao na kuzipandisha. Tena kila mradi huwa na kamati yake ya wenyeji, na mkandarasi hatarajii kulipwa mpaka kamati hiyo ikiri kwamba kazi imekamilika sawasawa.

Mtu akihudhuria mkutano wa namna hiyo huwakuta wazee kwenye viti vya plastiki chini ya mti, kofia zimewekwa magotini, kinamama wamekaa upande wenye kivuli pamoja na watoto wao, na daftari la mahudhurio likipita mkono kwa mkono hata likarudi limejaa vumbi na alama za vidole. Haja hutajwa moja baada ya moja: zahanati isiyo na muuguzi, barabara isiyopitika wakati lori la kununua ndengu linapotakiwa kufika, bomba lililokatika, bwawa dogo lililojaa matope. Kisha hufika saa ya kuchagua, maana fedha hazitoshi, na hapo ndipo utu wa watu unapoonekana, kwani haikosi mtu kusimama akakiombea kijiji cha jirani kabla ya chake, kwa hoja kwamba wao angalau wana kitu na wale hawana kabisa. Sijui falsafa ya siasa iliyopata kulisema jambo hilo vizuri kuliko yule asimamaye. Anatambua kwamba amepewa neno la kusema, na kwa kuwa amepewa neno, anajiona anadaiwa hata na wale ambao si wa kijiji chake.

Lakini haja inayotajwa kuliko zote ni maji, na maji hayatii mipaka ya wadi.

Mito mingi ya pande hizo ni ya msimu. Mvua zikikatika hubaki mkondo wa mchanga mtupu, lakini chini ya mchanga ule maji hukaa miezi. Mama hushuka alfajiri na punda wake, akachimba kwa jembe na baadaye kwa mikono hata mchanga ukawa mzito na wenye giza, akangoja maji yajikusanye katika tako la shimo, kisha akayateka kidogo kidogo kwa kata ya kibuyu, akiacha yatulie kila yanapochafuka, mpaka mtungi wa lita 20 ukajaa, na wa pili, na wa tatu. Aondokapo hulizungushia shimo matawi ya miiba ili mifugo wasiingie. Mtu akinywesha ng'ombe juu ya shimo lake, humjua. Lori likija usiku kuzoa mchanga ambao ndio ghala ya maji yake, kuna mzee wa kumwendea, na kuna sheria ya kaunti ya 2015 ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ambayo ilitungwa kwa sababu watu wa mitoni walipiga kelele. Katika shimo lile, mwenye kutenda na mwenye kudhurika na mwenye kuhukumu wanaweza kukutana kabla ya jua kutua, na kwa hiyo dhima haina mahali pa kujificha.

Sasa tuondoke kwenye mkondo mdogo twende kwenye mto mkubwa. Upande wa Mavindini, katika maeneo hayo hayo ya Kathonzweni, mahali ambapo mto Thwake unaingia katika Athi na Kitui inaonekana ng'ambo, umekuwa ukijengwa tangu 2018 ukuta wa bwawa wenye kimo cha takriban mita 80, uliokusudiwa kuzuia maji mita za ujazo milioni 688, kwa ajili ya kunywa, kunyunyizia mashamba na kuzalisha umeme, na sehemu ya maji hayo kupelekwa hadi mji mpya wa Konza. Fedha zake ni za serikali ya Kenya na mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, mkandarasi ni kampuni ya Uchina, msimamizi ni wizara ya maji, na wanaoyatazamia maji ni watu wa kaunti zaidi ya moja. Ama Athi yenyewe, hiyo hushuka ikiwa imebeba maji ya mto Nairobi, ambao hupita kando ya dampo la Dandora, na ambao hupokea majitaka ya mji mkuu na ya viwanda. Na baada ya kupita Ukambani huungana na Tsavo, ikaitwa Galana, kisha Sabaki, ikamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Viongozi wa Makueni wamelalamika mara kwa mara kwamba bwawa walilolisubiri miaka mingi litakuwa ni hodhi la uchafu wa Nairobi.

Ni nani, basi, wa kuulizwa? Ukisoma jedwali la nne la katiba utaona kwamba uzoaji wa taka na huduma za majitaka ni kazi ya kaunti, kwa hiyo neno hili ni la Nairobi. Lakini ulinzi wa vyanzo vya maji ni kazi ya taifa, kwa hiyo ni la Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Lakini uchafuzi wa viwanda husimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliyowekwa na sheria ya 1999. Lakini mwaka 2022 Rais aliunda Tume ya Mito ya Nairobi. Lakini sheria ya maji ya 2016 inazo kamati za mabonde, ambamo kaunti zote za bonde zina sauti. Lakini bwawa lenyewe ni la wizara. Kila mmoja katika hawa ana jibu la kweli. Hakuna anayesema uongo anaposema kwamba sehemu yake ni ile tu, na ukijumlisha majibu yote ya kweli huwezi kupata mtu mmoja wa kumshika mkono.

Injili ya Luka inayo habari ambayo nimekuwa nikiisoma kama mlango mzima wa elimu ya utawala. Baraza la wazee wa Yerusalemu lilimpeleka Yesu kwa Pilato, kwa kuwa mamlaka ya Kirumi yalikuwa juu yao. Pilato aliposikia kwamba mshtakiwa ni Mgalilaya, akampeleka kwa Herode, kwa kuwa Galilaya ilikuwa chini ya Herode. Na Herode, baada ya kumdhihaki, akamrudisha kwa Pilato. Kwa kadiri ya sheria, kila mmoja alifuata mipaka ya mamlaka yake. Na Luka anaongeza jambo ambalo wahubiri hulipita upesi: kwamba siku ile ile Pilato na Herode, waliokuwa na uadui, walipatana. Wakristo wa Kathonzweni wasomao kanuni ya imani hulitamka jina la Pilato hata leo, na wala hawalitamki kwa sifa. Utaratibu alioufuata haukumfaa kitu.

Upande wa Waislamu, fikihi inayo kanuni iliyo wazi kuliko yoyote niijuayo. Fardhi ziko za namna mbili: fardhi ya ain, ambayo humlazimu kila mtu kwa nafsi yake, kama sala, na fardhi ya kifaya, ambayo huulazimu umma kwa jumla, kama kumwosha maiti na kumzika, ambayo baadhi wakiitekeleza wengine wote huwa wamesalimika. Lakini ikiwa hapana aliyeitekeleza, wanazuoni hawakusema kwamba dhambi itakatwa mafungu, kila mkazi apate fungu lake dogo. Walisema kwamba kila aliyejua, naye akawa na uwezo, ana dhambi. Kazi iligawanyika, lakini hisabu haikugawanyika. Na mafundisho ya Mtume kwamba kila mmoja ni mchunga, na kwamba kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, yanamtaja mtawala na mume na mke na mtumishi kwa pumzi moja, bila ya kumwondolea wa juu swali kwa sababu wa chini naye ameulizwa. Imepokewa kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab, akikaa Madina, alikhofu kwamba Mwenyezi Mungu atamuuliza juu ya mnyama atakayejikwaa katika ardhi ya Iraki, kwa nini hakumsawazishia njia. Baina ya Madina na Iraki walikuwapo maliwali na makadhi wa kutosha wa kutajwa.

Yamkini mtu atanipinga kwa kusema kwamba, ikiwa kila daraja lina dhima nzima, basi wote watarukia kazi moja na kuparamiana, na ile hikima ya Yethro itapotea. Pingamizi hilo ni la haki, nami nalijibu hivi: daraja huamua nani aanze kutenda, haliamui nani aache kujali. Mwenye kazi ya kwanza asipoitenda, yule aliyemwona na kunyamaza hawezi kujitetea kwa kuonyesha mpaka wake. Wala simbebeshi mama wa shimo la mchangani mzigo ulio sawa na wa waziri, maana Kurani imesema kwamba nafsi haikalifishwi ila kwa uweza wake, na uweza wa yule mama juu ya viwanda vya Nairobi ni mmoja tu, nao ni kudai. Kudai ndiyo dhima ya aliye chini, na kujibu ni dhima ya aliye juu. Lakini aliye chini hawezi kutimiza sehemu yake ikiwa mlango wa kudai umewekwa mbali na kwake, katika mji ambao nauli yake humshinda.

Hapa ndipo Ulaya ina jambo la kutufunza. Mto Rhine hutoka Uswisi, ukapita Ujerumani na Ufaransa, ukaishia Uholanzi, na kwa miaka mingi Waholanzi walikuwa kwa Rhine kama watu wa Makueni walivyo kwa Athi. Tume ya kuulinda mto huo iliundwa 1950, lakini mazungumzo hayakuzuia uchafu. Iliwabidi waone ghala ya kemikali ya kampuni ya Sandoz ikiungua karibu na Basel tarehe 1 Novemba 1986, na mto ukageuka rangi na samaki wakafa kwa wingi, ndipo mawaziri wakapatana 1987 juu ya mpango wenye nguvu. Miaka kumi kabla ya moto ule lilikuwa limetokea jambo dogo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa zaidi. Kampuni ya mkulima mmoja wa bustani karibu na Rotterdam, Bier kwa jina, iliona maji inayonyunyizia mimea yake yamezidi chumvi, na chumvi hiyo ilitupwa mtoni na migodi ya Alsace, mbali sana, katika nchi nyingine. Migodi ikajibu kwamba ikiwa kuna shauri, na lipelekwe Ufaransa. Tarehe 30 Novemba 1976 mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg ikaamua kwamba aliyedhurika ana hiari: aweza kushtaki pale uchafu ulipotoka, au pale madhara yalipofikia, yaani kwake mwenyewe. Na baada ya miaka mingi mahakama za Uholanzi zikaihukumu migodi ile kuwa inawajibika. Mkulima wa daraja la chini kabisa aliiita nguvu ya nchi nyingine mlangoni pake, nayo ikaja.

Afrika Mashariki nasi tumeonja jambo la jinsi hiyo, pale shirika la Kenya la kutetea wanyama lilipoishtaki serikali ya Tanzania katika mahakama ya Jumuiya, Arusha, juu ya barabara iliyokusudiwa kupita katikati ya Serengeti, na mwaka 2014 likapewa haki, kwa kuwa mkataba ule wa 1999 unamruhusu mkazi wa kawaida kupeleka shauri bila ya kuombewa na dola.

Na ndani ya Kenya mlango upo, upana wake ni wa kushangaza, na watu wanaoupita ni wachache. Kifungu cha 42 cha katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa, bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara, na kinampa jaji uwezo wa kumlazimisha ofisa wa umma achukue hatua. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inakaa Makueni. Si lazima kwenda mahakama za Milimani, Nairobi. Zaidi ya hayo, liko jambo ambalo wanakamati wa kijiji wangefaa walijue: serikali zinapogombana zenyewe kwa zenyewe, kaunti na kaunti au kaunti na taifa, kifungu cha 189 kinaziamuru kwanza zifanye kila juhudi ya kusuluhishana, na suluhu baina ya serikali yaweza kuchukua muda mrefu huku mto ukishuka. Mwananchi hafungwi na amri hiyo. Mkulima wa Mavindini, na mwenzake wa Kitui aliye ng'ambo, na mvuvi wa Malindi anayeiona bahari ikibadilika rangi kila msimu wa mafuriko ya Sabaki, wanaweza kuandika shauri moja, wakawataja ndani yake kaunti ya Nairobi na NEMA na wizara na mamlaka ya maji kwa pamoja, na kumwomba jaji asikubali kutoka kwa yeyote jibu la kumtaja mwenzake. Watahitaji chupa za maji zilizochukuliwa mahali pengi, kutoka Dandora hadi penye ukuta wa bwawa, na maabara ya kuzipima, na wakili mwenye subira. Gharama hizo si ndogo kwa mtu mmoja, lakini kwa kijiji kilichozoea kuchangishana katika mwethya, yaani ushirika wa kusaidiana kazi, na kilichokwisha kujifunza kumwambia mkandarasi kwamba kazi yake haijakamilika, haziko mbali na uwezo.